Mahindi Yangu Yanageuka Zambarau

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Shamba langu la ekari moja huku Kakamega nimelipandia mbolea ya DAP miaka 12 mfululizo. Zamani nilivuna magunia 20. Mwaka jana, 8. Majani ya mahindi machanga yanageuka zambarau. Niongeze mbolea?
– Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze. Zambarau hiyo ni njaa ya fosforasi, kirutubisho cha mmea, na ajabu ni kwamba fosforasi hiyo umeimwaga wewe mwenyewe kupitia DAP. Imeshikwa na aluminiamu ya udongo wenye tindikali. Ng'oa mche mmoja uone mizizi: mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Amonia ya DAP na mvua nyingi za kwenu ndizo zimeongeza tindikali hiyo.

Pima udongo kwanza. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5.5 (ikishuka, tindikali imezidi), tafuta chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, ipunguze tindikali hiyo. Si ile ya kupaka ukuta! Mimi niliwahi kuitumia hiyo nikaunguza maharage. Mke wangu bado ananicheka. Nyunyiza wiki kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye na udongo kwa jembe. Kiasi utaambiwa na waliopima. Usiimwage pamoja na DAP, maana amonia itapaa hewani na pesa zako nazo.

Jivu la kuni? Linasaidia bustani ya sukuma wiki. Kwa ekari nzima, utamaliza msitu wa Kakamega.