Himeji ni mbao za kale, Osaka ni zege

Mkuu, umeuliza kwa nini ngome ya Himeji huko Japani inasifiwa kuliko ya Osaka wakati zote zinaonekana za kale. Mnara wa Osaka unaouona leo ni wa zege, ulikamilika 1931. Wa Himeji ni mbao halisi. Ikeda Terumasa, aliyepewa eneo lile baada ya kuwa upande wa Tokugawa, ukoo ulioshinda na kuitawala Japani, kwenye vita vya Sekigahara mwaka 1600, aliumaliza 1609.

Kupona kwa mnara huo ni bahati tu. Julai 1945 mji wa Himeji uliteketea kwa mabomu ya Marekani. Bomu la moto likatua mnarani, likagoma kulipuka.

Ukifika usikimbilie juu. Njia inazungushwa makusudi, adui apotee huku akilengwa kupitia matundu ya ukutani: ya duara, ya pembetatu, mengine ya mstatili. Halafu tafuta jiwe la kusagia lililofunikwa kwa wavu kwenye ukuta wa mawe. Wanasema bibi mmoja maskini alimpa Hideyoshi, bwana wa vita aliyejenga ngome hapo kabla ya Ikeda, alipoishiwa mawe. Mimi siamini sana, Hideyoshi kweli akose mawe? Lakini jiwe lipo.