Mwanza joto, hita ya nini?

Juzi kijana mmoja wa Buswelu kaniandikia: "Dada, Mwanza na joto lote hili, hita ya nini kwenye tangi la samaki? Si kumaliza luku tu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo, kutoka kwa mtu mwingine, ndiyo yaliyoniulia samaki kumi na wanne.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni fundi cherehani, Nyegezi. Tangi la kwanza nilitengenezewa na fundi wa aluminiamu na vioo, yule yule aliyeniwekea madirisha: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Piga hesabu, ni lita 144, yaani kilo 144 za maji kabla hujagusa mchanga, mawe na uzito wa kioo chenyewe. Mimi nikaliweka juu ya meza ya kukatia nguo. Wanaojua mbao za paini wameshajua kilichofuata. Meza ilibonyea katikati, silikoni ya kona moja ikaachia, asubuhi nikakuta zulia limelowa chapachapa pamoja na vitambaa vya sare za watoto wa watu. Shemeji yangu akasema mbele ya wateja, "Wenzako Mwanza wanakaanga samaki, wewe unawatandikia kitanda." Watu walicheka sana. Nilikata vitambaa vipya kwa hela yangu na sikumjibu, lakini sijasahau, na anajua.

Kwa hiyo: stendi ya chuma. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie mabomba ya mraba, juu weka ubao, juu ya ubao godoro jembamba la povu ili kioo kikae sawa. Usiweke karibu na dirisha linalopigwa na jua, utafuga mwani badala ya samaki.

Mawe hapa tumejaliwa, hayanunuliwi. Graniti yetu haibadilishi maji, tofauti na mawe ya chokaa ambayo huyafanya magumu. Mimea ndiyo iliyonipa somo. Nilikwenda mwenyewe Luchelele, ufukweni mwa ziwa, nikang'oa lile jani refu kama utepe linaloota chini ya maji, nikarudi nalo kwenye ndoo nikiwa najisifu kwamba nimepata bustani bure. Baada ya wiki konokono wadogo wakajaa kwenye kioo, na mwanangu kila jioni mkono ndani ya tangi anawaokota. Jirani yangu muuguzi alipowaona aliniuliza swali moja tu: "Unajua kichocho kinasafiri na nani?" Nilimwaga kila kitu siku ile ile, mchanga na wenyewe. Mimea niliyonayo sasa nimenunua kwa mtu anayeiotesha kwenye matangi. Ziwa tunalipenda, lakini usilihamishie sebuleni kwa ndoo.

Wiki sita za kusubiri maji yakomae sitazisimulia, hakuna kilichotokea. Kwa macho, yaani. Kumbe ndizo wiki ambazo bakteria wanazaliana kwenye filta na mchanga, wale wanaogeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki iwe nitriti, kisha naitreti ambayo mimea inaila. Na maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, klorini itoke.

Samaki walikuja kwa basi, kwenye mifuko yenye hewa: neoni ishirini, wale wenye mstari wa buluu unaowaka. Asili yao ni mto Amazon. Nilimuuliza muuzaji kuhusu hita, akanijibu kwa uhakika kabisa: "Mwanza? Huko joto, dada, usijisumbue." Nikamwamini, si ndiye mtaalamu. Ilikuwa mwisho wa Juni.

Watu wanasahau kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana tunatoka jasho, lakini alfajiri ya Julai unavuta blanketi. Nilipokuja kununua kipimajoto, nikiwa nimeshachelewa, maji yalisoma nyuzi 26 jioni na 22 alfajiri. Kila siku kupanda na kushuka hivyo hivyo. Samaki alianza mmoja kujikwaruza kwenye mawe, kesho yake ana madoa meupe kama amenyunyiziwa chumvi, halafu wote. Siku tisa, kumi na wanne wamekwenda. Nilimpigia muuzaji, akasema nimewalisha kupita kiasi. Nilimtumia picha ya kipimajoto. Hakujibu mpaka leo.

Hita, basi. Wati moja kwa kila lita inatosha, mimi natumia ya wati 150, nimeiweka nyuzi 25. Ifunge pale maji ya filta yanapotokea ili joto lisambae, na kipimajoto kiwe upande wa pili, mbali nayo. Ukitaka kubadilisha maji, chomoa kwanza, subiri robo saa. Ya kwanza nilisahau, maji yakashuka chini yake, kioo chake kikapasuka pa! Na luku haiishi kama mnavyoogopa, mchana hita imelala tu, inaamka usiku.

Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi na usiwape chakula. Mimi nimenunua na pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa sababu filta ikisimama samaki hukosa hewa mapema kuliko wanavyopata baridi.

Kuna watakaosema achana na hao wa kigeni, weka furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani. Furu ni wazuri, na tangu sangara aletwe wamepungua mno, ila wanachimba mchanga na kung'oa mimea. Hiyo ni mada nyingine.

Ninachowalaumu wengi wanaoniandikia ni haraka. Mnataka picha ya samaki kabla ya maji. Mtu ana simu ya laki nne, kipimajoto anaona ghali! Wewe wa Buswelu, jaza tangi lako leo, pima saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, siku saba, uandike. Nitumie hizo namba, ndipo tuzungumze habari ya hita.