Umefeli NCLEX mara tatu? Usikimbilie kulipia tena

Pole sana, dada. Unaishi hapo Kampala na umefeli NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, mara tatu, sasa unauliza ununue kitabu gani kingine. Usinunue. Toa kwanza ile ripoti wanayopewa waliofeli, uone ni wapi uko chini ya kiwango. Mimi nilifeli mara mbili kwa kukariri majina ya dawa kwenye taksi ya Ntinda, kumbe swali ni: una wagonjwa wanne, nani umwone kwanza? Fanya maswali 30 kwa siku, na kila ulilokosa andika daftarini kilichokuvuta kwenye jibu baya. Siku 45 za kusubiri kabla ya kurudia mtihani hazimtoshi mtu wa zamu za usiku. Jipe miezi mitatu.