Hofu Ninayoitaja na Hofu Inayonitawala

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe wenye maswali mawili. La kwanza lilihusu majibu ya kipimo chake cha titi, ambayo alitumiwa kwa simu siku 9 kabla na ambayo hadi wakati ule hakuwa amethubutu kuyafungua. La pili lilinihusu mimi: "Dada, wewe unayetuhimiza kila siku tuwe jasiri, ni kitu gani kinakutisha kuliko vyote?" Swali la kwanza nililijibu kwa uangalifu. La pili nililijibu kwa uongo, kwa maana nilimwandikia kwamba ninaogopa mahali pa juu. Ni kweli kwamba miguu hunilegea nikichungulia chini kutoka ghorofa ya juu, lakini hofu hiyo haijawahi kuninyima usingizi hata usiku mmoja. Yule dada alistahili jibu la kweli, na makala hii ndiyo jibu lenyewe.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza vikao vya wanawake na vijana, na mara nyingi huanza kwa kuwauliza wanachokiogopa zaidi. Majibu ya hadharani hayatofautiani sana: nyoka, giza, kimo, maji mengi, kusimama mbele ya watu. Hata kura ya maoni ya Gallup iliyofanywa Marekani mwaka 2001 ilipata picha kama hiyo, kwani watu wazima 51 kati ya 100 walitaja nyoka, 40 wakataja kuzungumza mbele ya hadhira na 36 wakataja mahali pa juu. Hizo ni hofu za kweli na sizidharau. Hata hivyo, nimejifunza kusubiri kikao kimalizike, kwa sababu daima yupo mtu anayechelewa kuondoka kwa makusudi, akijifanya anatafuta mkoba wake, kisha ananisogelea na kuniambia jambo jingine kabisa.

Baba mmoja aliniambia kwamba simu ikilia baada ya saa sita usiku huiacha iite hadi ikatike, kisha hukaa kitandani akiitazama, kwa sababu wazazi wake wote wawili ni wazee na wanaishi mbali naye. Msichana aliyekuwa amepandishwa cheo alikiri kwamba kila akiitwa na mkuu wake huamini siku ya kugundulika kwamba hafai imefika. Mama mwingine alikuwa akihesabu miaka iliyobaki kabla hajafikia umri ambao mama yake alifariki. Kijana mmoja hakuwa ameangalia salio la deni lake kwa mwaka mzima. Chuo Kikuu cha Chapman, ambacho kimekuwa kikiwauliza Wamarekani kuhusu hofu zao tangu mwaka 2014, mara nyingi hukuta kwamba kuugua sana au kufa kwa mtu ampendaye kunamtisha mwananchi wa kawaida kuliko nyoka, na mimi siwezi kushangaa, kwa sababu hao wanaobaki nyuma ya kikao wamekwisha kuniambia. Ukiwasikiliza kwa makini utaona kwamba wote wanaogopa kitu kimoja, nacho ni kuambiwa. Habari yenyewe inaweza kuwa nzuri au mbaya. Kinachowatetemesha ni ule mlango wa kupokea habari.

Mlango wangu ulikuwa bahasha.

Baba yangu alikuwa na kisukari. Nilipokuwa na umri wa miaka 19 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza usiku. Wiki ya kwanza aliniamsha akiniomba nimkune kidole gumba cha mguu ule ambao haukuwapo tena. Sikujua la kufanya, hivyo nilikuna shuka mahali ambapo kidole kingekuwa, naye akasema ahsante. Miaka miwili baadaye tulimzika. Sijawahi kuyaeleza hayo mbele ya watu, na nimeyafuta mara tatu kabla ya kuyaacha hapa.

Nilipofikisha miaka 41, kazi niliyokuwa nikiiomba ilidai uchunguzi wa afya. Maabara ilinipa bahasha mbili, moja ya mwajiri, ambayo niliiwasilisha ikiwa imefungwa, na nyingine yangu mwenyewe. Kazi niliipata. Bahasha yangu niliitia katika droo ya meza, chini ya vyeti vya shule, nayo ikakaa humo miezi 7. Sikuisahau hata siku moja. Nilijua imelala upande gani, nilijua kona yake ilikuwa imekunjika, na kila nilipotaka kalamu nilikuwa naifungua ile droo nusu tu.

Watu hudhani anayekwepa jambo huwa amestarehe, nami naomba mniamini kwamba sivyo. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapohisi hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, damu huelekezwa kwenye misuli, na ini huachilia sukari ili misuli ipate nguvu. Niliposoma maelezo hayo yalinichoma, kwa sababu mimi niliyekuwa nikiiogopa sukari nilikuwa nikiuamrisha mwili wangu uimwage zaidi kila nilipoikumbuka bahasha. Daktari alinihakikishia baadaye kwamba hilo peke yake halikuniletea ugonjwa, lakini sijawahi kulisahau. Mwili ulikuwa ukijiandaa kukimbia kitu ambacho hakina miguu ya kunifuata.

Nilikuwa naifunga ile droo na papo hapo moyo unatulia. Hapo ndipo penye mtego, na ningependa msomaji apaelewe kuliko mahali pengine popote katika makala hii. Mwanasaikolojia O. H. Mowrer alieleza mwaka 1947 kwamba nafuu tunayoipata tunapokwepa kitu ndiyo inayotufundisha kukikwepa tena. Utulivu ule wa dakika moja ni malipo, na akili hurudia kazi iliyolipwa. Kwa hiyo nilikuwa nikijifunza woga kila siku kwa bidii ya mwanafunzi mzuri, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo bahasha ilivyozidi kuwa nzito.

Tena hofu haikubaki ndani ya droo. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walilionyesha jambo hilo katika maabara kwa jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa: walimzoesha mtoto wa miezi 11 kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa, na baada ya muda mfupi mtoto akawa anamwogopa hata sungura na koti la manyoya. Mimi nilianza na mguu wa baba. Baadaye nikaogopa harufu ya spiriti, kisha viatu vilivyobana, kisha bahasha yoyote yenye dirisha la nailoni, hadi nikawa namwomba mume wangu anisomee hata barua za benki. Nilimwambia kwamba macho yanauma.

Binti yangu alikuwa na miaka 9 wakati huo. Muhula mmoja ripoti yake ya shule haikuonekana, nami nilipotandika kitanda chake niliikuta chini ya godoro ikiwa bado imefungwa kwa pini, haijafunguliwa. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakuileta. Alinitazama bila kiburi chochote akasema, "Mbona na wewe ya kwako hufungui?" Kumbe alikuwa ameiona bahasha alipokuwa akitafuta rula, na alikuwa ameona kwamba imebaki vilevile kwa miezi mingi.

Jioni ile tuliketi mezani sisi wawili. Yeye alifungua yake kwanza. Hisabati ilikuwa mbaya, masomo mengine yalikuwa mazuri, akapumua kwa nguvu na kuanza kuongea mfululizo kama mtu aliyetua mzigo. Kisha nikafungua yangu. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili hadi mitatu kilikuwa asilimia 6.1. Sikuelewa maana yake, hivyo nilikwenda hospitali wiki iliyofuata, na huko daktari alinieleza kwamba kisukari hutambuliwa kuanzia asilimia 6.5, na kwamba tarakimu ile ya kwanza ilikuwa onyo nililopewa wakati ambapo bado kulikuwa na nafasi nzuri ya kurudi nyuma. Alipima upya: 6.8. Kipimo kikarudiwa kwa uhakika, na cha pili kikathibitisha.

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokuwa katika hatua ile niliyokuwapo, walipopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58. Sisemi kwamba ningepona kwa hakika. Ninachokijua ni kwamba nilikuwa na miezi 7 ya kujaribu, nami niliitumia kulinda droo.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari hakunipa pole. Alisimama mbele ya ndugu wote na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," kisha akaketi. Methali hiyo ni ya kweli, nami nimekwisha kuwaambia wengine maneno kama hayo, lakini kauli yake ile inaniuma hadi leo, na haikunisaidia kwa lolote. Kwa siku kadhaa baada ya hapo sikutaka kwenda kliniki. Nawasihi ninyi mlio na ndugu mwoga msimwaibishe, kwa maana aibu ni bahasha nyingine juu ya ile ya kwanza. Binti yangu hakuniaibisha. Aliuliza tu, kisha akakaa nami mezani.

Wengi wenu mtataka kujua nilifanya nini baada ya hapo. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimsaidia mtoto mmoja aliyewaogopa sungura kwa kumsogezea sungura hatua kwa hatua huku mtoto akila chakula alichokipenda, hadi mwishowe akamshika kwa mkono wake, na miaka mingi baadaye Joseph Wolpe, daktari wa akili kutoka Afrika Kusini, aliutengenezea mwendo huo utaratibu wa matibabu alioueleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Nami nilisogea hivyohivyo. Nilianza kwa kukaa dakika kumi katika ukumbi wa kliniki siku ambayo sikuwa na miadi, nikaendelea kwa kukishika kifaa cha kupimia bila kujichoma, kisha nikajichoma kidole bila kuitazama tarakimu, na mwisho nikaitazama. Ilinichukua wiki tano. Kwa hofu zilizozidi mno, zile zinazomzuia mtu kufanya kazi au kutoka nje, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili akuongoze, maana yapo matibabu yanayofaa na si fedheha kuyatafuta.

Hayo mengine nitayasema waziwazi. Itaje hofu yako kwa jina lake, hata kama ni kwa mtu mmoja tu. Weka siku na saa ya kuifungua, kwa sababu "nitaifungua nikiwa tayari" ni namna nyingine ya kusema hutaifungua. Usikae peke yako. Ifungue. Wewe unayesoma maneno haya unataka kuwaona wanao wakikua, unataka kazi uliyoianza isimame imara, unataka kuzeeka ukiwa na heshima yako, na hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri upate ujasiri kwanza. Mimi sikuwa na ujasiri ile jioni. Mikono ilitetemeka hadi nikaichana barua pamoja na bahasha, na ilibidi tuiunganishe ili tuisome.

Najua wapo watakaoniambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nami nilijifariji kwa methali hiyo miezi yote 7. Lakini mwoga wa kwenye methali huikimbia vita na kurudi nyumbani akiwa hai, na mimi vita vyangu vilikuwa ndani ya damu yangu. Hapakuwa na mahali pa kuvikimbilia ambako visingefika pamoja nami.

Sasa kipimo changu hufanywa kila baada ya miezi mitatu, na majibu huyasoma kabla sijatoka katika jengo. Cha mwezi uliopita kilikuwa asilimia 6.2, kwa dawa na kwa kutembea kila asubuhi, na ninajivunia tarakimu hiyo kuliko cheti chochote kilichomo katika ile droo.

Yule msomaji nilimwandikia tena, nikamweleza kwamba jibu langu la kwanza halikuwa la kweli, nikamsimulia habari za bahasha. Alinijibu kwamba angeyafungua majibu yake Jumamosi saa nne asubuhi, na shangazi yake angekuwa pembeni. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita, nami sikupata neno. Jana jioni nilikuwa nimesimama jikoni simu ilipotetema mezani, nikaliona jina lake. Nilihisi kifua kikibana, na mkono ukataka kuigeuza simu iangalie chini. Nilimwita binti yangu, akaja akasimama kando yangu, nikaufungua ujumbe.