Docta, mdogo wangu amechoka huko Uswidi. Tumtumie dawa?

Swali: Docta, jambo. Mimi ni yaya, yaani dada mkubwa, wa kijana aliyekuwa akicheza mpira hapa Lubumbashi. Tangu Januari yuko Uswidi, amepata kontra (mkataba) ya miaka miwili. Kila tukiongea anasema miguu ni mizito, usingizi hauji, kocha anamweka benchi. Mama anasema kuna watu wamemfunga kwa uchawi. Jirani anayeuza dawa ametuandalia pakiti: vidonge vya nguvu na sindano za kuongeza damu. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo. Tumpe abebe? (Dada wa Kampemba)

Jibu: Msimpe, dada. Kama pakiti imeshafungwa, ifungueni mtoe kila kitu.

Swali hili linanifikia kila msimu. Mchezaji ni mwingine, nchi ni nyingine, lakini pakiti ni ile ile. Na kila mara familia imeshaamua kwamba mwili wa mtoto umepungukiwa na kitu ambacho kinapatikana Lubumbashi peke yake.

Uzito wa miguu una sababu. Ligi ya Uswidi inaanza mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, kwa hiyo Januari hadi Machi ni maandalizi: mbio, vyuma, mechi za kirafiki, mara nyingi kwenye nyasi bandia. Mdogo wako ametoka kwenye ligi yetu ya Kongo, ambayo wote tunajua inavyokatika katikati, akaingizwa moja kwa moja kwenye kazi nzito kuliko zote za mwaka, tena kwenye baridi. Kigimbi na kano ya kisigino lazima vilalamike. Usingizi nao unafuata jua. Mwanzoni mwa Januari, Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, inaona mchana wa urefu wa saa sita na kidogo, wakati sisi tunapata mchana wa urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima. Jua lenyewe liko chini mno wakati huo, ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya nyeupe. Daktari wa klabu hupima damu na kutoa vidonge vya vitamini D ikihitajika. Iko kabatini kwake, haihitaji msafiri.

Kuhusu benchi, nina shaka na jambo moja. Hapa kwetu mchezaji anaficha maumivu, maana akisema anaumwa nafasi imekwenda, na primu (posho) ya mechi pia. Huko klabu nyingi humwuliza kila asubuhi: umelalaje, miguu ikoje, toa namba. Kijana anajibu kwamba yuko sawa, kwa adabu na kwa woga. Kisha dakika ya 20 amekwisha. Kocha haoni mtu aliyechoka, anaona mtu asiyetaka kukimbia. Macho anayoinamisha kwa heshima mbele ya mkubwa, kocha anaweza kuyasoma kama kutojali. Hayo yanarekebishwa kwa kuongea, na yanachukua muda. Mtazameni Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania: alifika hapa mjini, TP Mazembe, kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Watu wanakumbuka 2015, Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika naye akifunga mabao, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Miaka minne ya katikati hawaihesabu.

Sasa pakiti, maana hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Vidonge vya nguvu na vya kunenepesha vinavyouzwa mezani sokoni, katika komini za Kenya au Katuba hapa mjini, mara nyingi ni deksamethazoni (dawa ya steroidi), siproheptadini (dawa ya mzio), au vyote viwili. Siproheptadini inaongeza hamu ya kula na inaleta usingizi mchana, katikati ya mazoezi. Deksamethazoni inavimbisha uso, familia inasema amepona, na wakati huo ni dawa iliyokatazwa kwa mchezaji siku ya mechi, iwe ya kumeza au ya sindano. Ya ndani ya chupa ya "kuongeza damu" hata muuzaji hayajui. Siku mkojo wa mtoto ukipimwa, muuzaji huyo hatakuwa chumbani.

Sheria ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, haiulizi nani alimpa. Kilichomo mwilini ni mzigo wa mchezaji, hata kama alikipokea kwa mama yake, na adhabu inaweza kufika miaka 4. Kolo Touré alifungiwa miezi 6 mwaka 2011 kwa vidonge vya kupunguza uzito vya mke wake. André Onana alimeza kwa makosa kidonge cha mke wake, furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo nayo imekatazwa. Mwaka 2021 alifungiwa miezi 12, na baada ya rufaa ikawa 9. Hao walikuwa Manchester City na Ajax, wenye wanasheria. Mtoto wa kontra ya miaka miwili nani atamlipia rufaa?

Tena, hatari haiko kwenye ndege peke yake. Msimu wao unaisha Novemba, Desemba watoto wanarudi nyumbani wamechoka, na jambo la kwanza ni kuwatundikia seramu (dripu). Kwa mchezaji, seramu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa, isipokuwa ni matibabu halali ya hospitali. Chupa ya kawaida ina mililita 500. Hata kama ndani ni maji na sukari tu, ni kosa. Familia zenye mchezaji nje, lijueni hili kabla ya Desemba. Na mufumu (mganga) anayedai sehemu ya mshahara wa kijana ili "amfungue", mfungieni mlango. Mama aendelee kumwombea.

Mpigie mdogo wako leo. Aende kwa daktari wa klabu, aseme ukweli kuhusu usingizi na miguu, na aulize kabla ya kumeza chochote, hata cha kikohozi. Aseme pia anatoka nchi ya malaria: akipata homa yoyote mwaka huu wa kwanza apimwe siku hiyo hiyo, maana daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua. Na kama hajui kama damu yake ni AA au AS, aombe apimwe, kwa sababu mwenye AS, yaani aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja, anayekimbizwa kupita kiasi anaweza kuanguka, na klabu inapaswa kujua kabla ya mazoezi.