Unga wa lanthani floraidi stoo: una mionzi? Naweza kutengenezea elektrodi?

SWALI: Shikamoo dokta. Natunza stoo ya maabara ya chuo huku Arusha, nimekuta chupa ya gramu 100 imeandikwa LaF3, yaani lanthani floraidi, unga mweupe, haina karatasi yoyote ya maelezo. Mwenzangu anasema lanthani ni madini adimu na madini adimu lazima yana mionzi, tusiiguse. Halafu elektrodi yetu ya kupimia floraidi kwenye maji imechoka, nasikia ndani yake kuna kitu hichohicho, sasa naweza kuukandamiza huo unga nikaitengeneza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mionzi itoe kichwani. Lanthani ya asili ina chembe za mionzi chini ya asilimia 0.1 na zinaoza taratibu mno, chupa yako haimdhuru mtu kwa njia hiyo. Huo uvumi unatokana na mawe yenyewe, maana mengi yanayotoa madini adimu huwa yana thori, metali yenye mionzi, ndani, ila unga ukishasafishwa hiyo ni habari nyingine.

Huo unga ni mtulivu kweli, kwenye maji hauyeyuki kwa maana ya kawaida, hauwaki moto, na hauyeyuki kwa joto mpaka karibu nyuzi 1,490. Usiufananishe na sodiamu floraidi ambayo inayeyuka upesi na ukiimeza ni sumu kali. Matumizi yake ni kupaka lenzi, kutengeneza vioo vya nyuzi za mwanga zinazopitisha infraredi, na hiyo elektrodi yako.

Hatari iko sehemu mbili, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiuchemsha na asidi kali kama salfuriki iliyokolea, au ukiupasha moto mkali ukiwa na unyevu, inatoka gesi ya hidrojeni floraidi. Niliwahi kuona mwenzetu kaweka unga wenye unyevu kwenye tanuru bila kuukausha, tulipofungua kioo cha kidirisha kilikuwa kimefifia kama mtu kakipulizia pumzi, tukakifuta na kitambaa wala hakikutakata, kumbe kimeliwa. Gesi inayokula kioo fikiria kwenye mapafu. Gesi hiyo ikiyeyuka kwenye maji inakuwa asidi, na asidi yake ikigusa ngozi maumivu yanaweza kuchelewa masaa mengi huku inapenya mpaka kwenye mfupa, kwahiyo maabara inayogusa mambo hayo iwe na jeli ya kalsiamu glukoneti, na mtu akiguswa aoshwe na maji mengi, apakwe jeli, akimbizwe hospitali hata kama anasema haumii.

Kwa kupima na kuhamisha tu vaa glavu, miwani na barakoa ya vumbi, fanya taratibu usitimue vumbi, ukimwaga futa na kitambaa kibichi usifagie. Funika vizuri, weka pakavu, mbali kabisa na rafu ya asidi, na andika lebo mpya leo leo yenye jina lote, sio LaF3 tu.

Elektrodi sasa. Hapana, unga hautakusaidia. Kile kidude cha mwisho wa elektrodi ni fuwele moja nzima iliyokuzwa, ikatiwa europiamu, madini adimu mengine, kidogo ili ioni za floraidi zipite kwenye nafasi ndani yake, toka wanakemia Frant na Ross walipoitoa elektrodi hiyo 1966 mpango ni huo. Unga uliokandamizwa una mianya kati ya punje, maji yatapenya.

Ila elektrodi yako usiitupe bado! Chukua dawa ya meno yenye floraidi, isugue ile fuwele polepole kwa kidole chenye glavu kama nusu dakika, suuza na maji yaliyotoneshwa, halafu iloweke kwenye floraidi hafifu. Pima miligramu 1 kwa lita na 10 kwa lita ukitumia bafa (mchanganyiko unaoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 5 hivi, kwenye nyuzi 25 tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe karibu milivolti 59. Ikiwa 54 kwenda juu bado ni nzima, ikiwa 40 basi omba mpya, na kwa maji ya huko kwenu yenye floraidi nyingi yanayotia watoto rangi ya kahawia kwenye meno hicho kifaa si cha kukisia. Nitumie hizo namba ukizipata.