Mzee anasahau, na hospitali hataki

Swali: Shangazi, mume wangu ana miaka 61, siku hizi anauliza jambo moja mara tatu nne, na juzi kashuka feri Likoni akasimama tu pale, hajui apande matatu gani, na njia hiyo kaipita miaka 30. Nikimwambia twende kwa daktari anakuwa mkali, ati namfanya mwendawazimu. Nifanyeje?
Mama wa Mtongwe

Jibu: Pole mwanangu. Neno kusahau liweke kando kwanza, mwambie twende sote wawili tukapimwe presha na sukari, na si uongo, hivyo navyo huharibu ubongo. Kabla ya hapo shika daftari uandike alisahau nini, lini, na dawa zote anazomeza hata za mitishamba, umpe daktari faraghani. Usimsahihishe mbele ya watoto, wanaume hapo ndipo huwaka (wangu alikuwa hivyo hivyo). Ataulizwa maswali, ataambiwa achore saa, damu itapimwa thairoidi (homoni ya tezi ya shingoni) na vitamini B12, pengine skani ya kichwa. Thairoidi au B12 ikiwa chini mtu husahau na hutibika, hata dawa za usingizi, na huzuni yenyewe, husahaulisha, basi usimzike mapema. Ila akichanganyikiwa ghafla au mdomo ukaenda upande, mkimbize emajensi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.